Treni za mfano: HO, N au G? Shemeji anapanda ndege wiki mbili zijazo

Mwana_wa_Tabora
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu anakuja likizo kutoka Stuttgart na kanitengea kilo tano kwenye sanduku lake. Nataka aniletee treni za mfano, zile za umeme. Nikichungulia mtandaoni nakuta HO, TT, N, Z, O, G, na kila muuzaji anasifia yake. Ipi ni nzuri? Nikikosea, nafasi nyingine ni mwakani.

Fundi_Gerezani
Mkuu, hapo hujatupa cha kushika. Meza yako ina ukubwa gani? Ni ya kwako au ya mtoto? Unataka kuona SGR ikipita au treni yetu ya zamani? Ukiwa unajiandaa kujibu, hesabu ni hii. Skeli inakwambia umbo limepunguzwa mara ngapi: HO ni 1:87, TT 1:120, N 1:160, Z 1:220. Kwa makubwa, O ya Wajerumani ni 1:45 na G ni 1:22.5. Sasa chukua behewa la abiria la mita 25. Kwenye HO linakuwa karibu sentimita 29, kwenye N karibu 16, kwenye Z kama 11, na kwenye G linapita mita moja. Weka rula mezani ulione kwa macho yako.

Kilindini_77
N, wala usisumbuke. Mimi napenda treni za mizigo, na treni ya mizigo ni urefu. Kontena la futi 40 kwenye N lina sentimita 7.6 tu, kwa hiyo mabehewa 20 yanakaa chini ya mita mbili. Kwenye HO treni hiyohiyo inataka ukuta mzima wa chumba.

Bi_Maskati
Kaka, umri wa mtoto kwanza. Njia ya N ina upana wa milimita 9, kutoka reli hadi reli. Kupandisha behewa relini unainama, unashusha pumzi, unalisogeza kwa ncha ya kidole mpaka magurudumu yote yakae. Mtoto mdogo atalia. Z ndiyo usiiguse kabisa, ile ina milimita 6.5.

Mwana_wa_Tabora
Ahsanteni. Kijana ana miaka saba, lakini nisiwafiche, na mimi mwenyewe nimezipenda. Meza ni plaiwudi moja nzima, tutaiweka juu ya kitanda cha wageni.

Fundi_Gerezani
Plaiwudi nzima ni sentimita 122 kwa 244. HO inaingia, ila kona ndiyo mtihani. Seti nyingi za kuanzia zina kona yenye nusu kipenyo cha kama sentimita 36. Kichwa cha treni kifupi na mabehewa ya mizigo vinapita vizuri. Yale marefu ya abiria yanatoa matumbo nje ya reli, na mengine yanaanguka. Ili yapendeze unahitaji nusu kipenyo cha sentimita 60, na hapo mzunguko peke yake ni 120. Ukingo haubaki. TT ingekufaa zaidi. Ujerumani TT ni ya siku nyingi, shemeji hatapata shida.

Barabara_ya_Nne_Tanga
Ngoja niseme yaliyonikuta. Ndugu yangu alininunulia huko Ulaya katoni ya mitumba ya HO: vichwa viwili, mabehewa 11. Reli nilikuwa nazo, HO vilevile. Siku ya kwanza nimeweka kichwa relini, transfoma ikajikata. Nikaiwasha, ikajikata tena. Nikadhani mota imekufa, nikaifungua, nikasafisha, wapi! Jioni nikakipindua kile kichwa chali, nikaona chini ya tumbo kuna kipande kirefu cha chuma kinachoburuzika. Kumbe ni cha mfumo wa reli tatu: umeme unaingia kwa vinundu vya katikati, na reli mbili za pembeni ni waya mmoja. Magurudumu yake hayana kihami, yaani kitu cha kuzuia umeme, kati ya kushoto na kulia, kwa hiyo kwenye reli zangu mbili ni shoti moja kwa moja. Hata mabehewa yalileta shoti. Nilibadilisha ekseli zote 22, moja moja, na vile vichwa viwili mpaka leo viko kabatini. Skeli ileile, 1:87, upana uleule, milimita 16.5. Mwambie shemeji aulize: reli mbili au tatu?
Na kwa sisi wa pwani, asichukue reli za chuma cha kawaida. Zinashika kutu, na unashinda na msasa mkononi.

Kilindini_77
Pole sana. Na ile OO ya Waingereza nayo ni 1:76 juu ya reli hiyohiyo ya 16.5, watu wanaichanganya na HO. Ukiweka kontena za aina hizo mbili pamoja, moja inaonekana imevimba.

Mzee_wa_Garratt
Vijana, mnamtajia skeli bila kumwambia kwamba 16.5 ya HO ni mfano wa reli halisi yenye upana wa milimita 1,435, yaani SGR. Reli ya zamani ya Tabora ni ya upana wa mita moja, ndiyo tunaiita reli ya mita. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata 11.5, kwa hiyo HO halali ya reli hiyo inatembea kwenye milimita 12. Lakini chukua upana wa reli ya G, milimita 45, uzidishe kwa 22.5: unapata 1,012. Hiyo ndiyo reli yetu! Kama ana uwanja, achukue G.

Fundi_Gerezani
Mzee, shikamoo. Kilo tano na kitanda cha wageni, G ataiweka wapi?

Mzee_wa_Garratt
Marahaba. Ataanza na behewa moja. Mimi nilisimama pembeni ya Mount Gelai, kile kichwa cha mvuke cha Garratt cha reli ya mita, namba 5918, pale makumbusho ya reli Nairobi. Mita 31 na ushee, tani 250. Kwenye N hiyo ni sentimita 20, unaifunika kwa kiganja. Umbo lile halistahili kufunikwa kwa kiganja.

Kilindini_77
Hapo sikubaliani, mzee. Ukiishusha mpaka usawa wa macho, hata N inakutisha.

Bi_Maskati
Mwana wa Tabora, bado hujasema: SGR au ya mita?

Mwana_wa_Tabora
Swali limenikamata. Nilipanda ile ya mita na marehemu baba, Tabora hadi Kigoma, daraja la tatu. Dirisha lake bado naliona. Kuna anayeuza behewa lile kwa skeli yoyote?

Fundi_Gerezani
Dukani sijaliona. Utalichonga mwenyewe, na hapo vipimo ndivyo kila kitu.

Barabara_ya_Nne_Tanga
Nani ana vipimo vyake? Urefu, upana wa dirisha, kimo kutoka relini?

Mzee_wa_Garratt
Mwanangu yuko karibu na stesheni ya Morogoro. Nitamwomba aombe ruhusa, aende na futi kamba Jumamosi.