Nauliza hela ya taka, najibiwa kidole gumba! Huyu mtu ametuona sisi watoto?

Kifuu_Mbishi (mleta uzi):
Wakuu, mods naomba huu uzi msiunganishe na ule wa kero za mitaa. Huu ni wa kwake peke yake. Naandika mkono unatetemeka, herufi zikiruka mtanisamehe.

Simtaji jina, ni mwenyekiti wetu wa mtaa. Wa mtaani kwetu mnamjua, na wa mitaa mingine mnamjua pia, maana kila mtaa una wa kwake. Ni yule aliyetuapia kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 kwamba anatuletea "mtaa wa kidijitali". Tukajua labda taa za barabarani. Kumbe ni kundi la WhatsApp!

Sasa leo asubuhi. Gari la taka halijapita tangu Nuhu ashuke kwenye safina. Funza wa pale konani wameshaoa, wamezaa, wanasubiri tu barua ya utambulisho wa mkazi. Mimi kwa adabu zote, na shikamoo juu, nikauliza kundini: ile elfu mbili ya taka tunayotuma kwa simu inaingia wapi? Maana ukiituma linatokea jina la mwanamke asiyejulikana hata na wajumbe.

Akasoma. Tiki za bluu. "Anaandika..." Kimya. "Anaandika..." Mtaa mzima tumekodoa macho, mama wa vitumbua kaacha mafuta yanaungua. Halafu likashuka jibu:

👍

Kidole gumba. Nimeuliza hela iko wapi, mtu mzima na mvi zake ananiletea kidole gumba! Iko juu? Amekubali kwamba kala? Au nimefaulu mtihani?

Sijakaa sawa, kundi limefungwa: wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe. Akamalizia na picha ya maua ya waridi, "Asubuhi njema wapendwa". Kisha akanitoa.

Zamani mapato na matumizi yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa. Mzee mmoja akisimama na daftari lake, mwenyekiti anatokwa jasho mpaka kwenye soksi, na hana kitufe cha kumfunga mdomo. Sasa mkutano ukiulizwa unaambiwa "taarifa zote ziko kundini", na wenye vitochi wakasome wapi? Lakini hayo tuyaache. Mimi nimekwama pale pale. Kidole gumba jamani! Hata "nitafuatilia" ya uongo kanyimwa mwananchi.

dagaa_mchele:
Nimekaa siti ya mbele, nimeshika bisi.

Mzee wa Hoja Fupi:
Mleta uzi, hiyo elfu mbili yenyewe umelipa? Tuanzie hapo.

Kifuu_Mbishi:
Nimelipa na meseji ya muamala ninayo. Usinitoe kwenye reli, tunazungumzia kidole.

Mzee wa Hoja Fupi:
👍

Kifuu_Mbishi:
Na wewe mshenzi kweli.

BintiSaku:
Nimecheka mpaka konda kaniuliza dada uko salama? Wa kwetu anatuma sauti, ndefu kama hotuba ya bajeti, jogoo anawika humo humo, na ukifika mwisho anasema "mengine tutaelezana".

Fundi_Redio:
Hicho kitufe cha kufunga kundi kililetwa 2018. Tangu siku hiyo wenyeviti wanalala usingizi wa watoto wachanga.

Wakili_wa_Kijiweni:
Mkuu, punguza moto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 bado ipo.

Kifuu_Mbishi:
Ndiyo maana simtaji. Kidole hakina jina.

njia_ya_panya:
Unalia kufungiwa kundi? X ilipofungwa Mei 2025 ulikuwa wapi? Na Oktoba 2023 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walipotaka wenye VPN za kupenya mitandao iliyofungwa wajisajili, ulisema nini? Kufungiwa kwako ni kwa mazoezi.

Jirani_wa_Namanga:
Poleni majirani. Huku Kenya 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, namba za wabunge zilisambazwa tukawa tunawasalimia kwa meseji usiku kucha. Juni 26 Rais akasema hautii sahihi. Nyinyi mnashindwa na emoji?

njia_ya_panya:
Na vijana waliopigwa risasi siku moja kabla, nao walishindwa na emoji? Usilete majigambo hapa.

Jirani_wa_Namanga:
Hapo umesema kweli, nanyamaza. Lakini niwaambie kinachonimaliza mimi ni eCitizen, ule mtandao wa kulipia huduma za serikali. Walituhamishia wote kwenye namba moja ya malipo, 222222, na juu yake wakatuwekea shilingi 50 eti ya kurahisishiwa. Nani karahisishiwa?

BintiSaku:
Shilingi 50 tu? Sisi Julai 2021 tuliamka na tozo za miamala, ukituma hela nyingi inakatwa mpaka 10,000. Baba aliacha kabisa kunitumia, na mpaka leo anasingizia tozo. Ya kutuma ilishafutwa baba!

Ntwara_Kuchele:
Mnaongelea vidole, mimi nina kesi ya vidole kwelikweli. Usajili wa laini kwa alama za vidole, mwisho Januari 20, 2020. Mama yangu kabangua korosho maisha yake yote, yale mafuta ya ganda yamemla ncha za vidole, laini kama kioo. Anaweka kidole, mashine kimya. Yule kijana wa usajili akamwambia "mama, sugua kichwani kwanza". Akasugua kwenye nywele, akaweka, kimya. Akasugua kwenye kanga. Kimya. Foleni yote inamwangalia kama kaiba. Laini ikazimwa, tukasajili nyingine kwa jina langu. Serikali inamjua mama yangu kwa jina langu.

dagaa_mchele:
Dah, pole mkuu. Wangu anauza nazi, naye walimgomea hivyo hivyo.

Kifuu_Mbishi:
Poleni wote, lakini tusitoke nje ya mada. Hiki kidole gumba cha leo asubuhi...

Mzee wa Hoja Fupi:
Mleta uzi, tulia kwanza. @Ntwara_Kuchele, korosho zipo? Zilizobanguliwa unauzaje kilo?

Ntwara_Kuchele:
Zipo nzima na vipande, mkuu. Njoo inbox.

BintiSaku:
Na mimi vipande nusu kilo. Unatuma mpaka Mbagala?