Mlango umetoka mabaka: polishi, kurudia mlango, au kuvuka hadi fenda?

Mkaazi_Kwerekwe
Assalaam alaykum. Gari yangu metaliki, rangi ya fedha. Mlango wa mbele ulikwaruzwa Darajani, nikampa fundi aupulize. Jua la utosini huoni kitu. Ikifika alasiri, ukisimama ubavuni, mabaka matupu: hapa peupe, hapa peusi. Mmoja kanambia polishi, mwengine nirudie mlango, wa tatu anataka hadi fenda, bati la juu ya gurudumu la mbele, iguswe. Nishike lipi?

Msasa_wa_Maji
Waalaykum salaam. Polishi sahau. Baka liko chini ya klia, ile vanishi angavu ya juu ya rangi, wewe utasugua juu. Rangi hiyo ina chenga za alumini: zikilala bapa zinang'aa, zikirundikana panafifia. Fundi kapiga mkono mzito, rangi ikalowa, chenga zikaogelea.

Rangi_Chake
Au hakukoroga. Kijiti kikitoka na tope la fedha, bado hiyo. Mie napiga tabaka mbili nyepesi, kila mpito unalalia mwenziwe nusu au zaidi. La mwisho bunduki naiweka mbali na mlango sentimita 25 hadi 30, iwe kama umande tu. Hilo ndilo linalosawazisha chenga, na lipigwe kabla ya klia. Klia ikishapita, hapana ujanja ila msasa.

Mkaazi_Kwerekwe
Kwa hiyo nirudie mlango peke yake?

Msasa_wa_Maji
Mie ningevuka. Mlango usuguliwe kwa msasa namba 800, majirani (fenda na mlango wa nyuma) namba 1000, rangi iingie kwao kidogo ikipotea, kisha klia ifunike mlango na majirani wote mpaka ukingoni. Klia ya kati kwa kati utaiona mstari wake. Ghali, najua.

Rangi_Chake
Taratibu sheikh, usimtie mwenzetu hasarani. Kwanza apulizishe kibati cha majaribio kwa rangi hiyo hiyo, klia juu, kikauke, akiweke kwenye fenda jua la alasiri. Kikifanana nayo, fenda iachwe.

Mama_Noah
Na asubiri siku kavu. Masika haya hewa imejaa maji, klia inaweza kutoka na ukungu mweupe. Kompresa nayo itolewe maji kabla ya kazi.

Mkaazi_Kwerekwe
Nimerudi. Saa kumi na moja nimekishika kibati: kwenye fenda kimepotea kabisa, kwenye mlango wa nyuma kimetoka cheusi.

Msasa_wa_Maji
Basi vuka nyuma tu. Fenda asiiguse.