Nianze na Injili ipi ili imani yangu ikue?

Muulizaji: Bwana asifiwe, wapendwa. Nimeokoka tangu ujana, ila Neno nalisikia zaidi mimbarini kuliko ninavyolisoma mwenyewe. Nataka Injili moja niisome kwa utulivu. Ipi, na nisomeje?

Mama Neema: Anza na Marko, mwanangu. Ina sura 16 tu, ndiyo fupi kuliko zote nne, lakini usiikimbize. Kaa kwenye sura ya 5. Yairo anamsihi Yesu, binti yake wa miaka 12 yuko mahututi. Njiani Yesu anasimama kumtafuta mwanamke aliyegusa vazi lake, naye ameugua miaka hiyo hiyo 12! Hebu simama pale alipo Yairo, akisubiri huku mtoto anakata roho. Sura hiyo ndiyo iliyonifundisha kuendelea kuomba jibu linapochelewa.

Mtumishi: Soma kwa sauti, kisha geuza mstari uwe ombi lako. “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu” (9:24) ni sala kamili.

Muulizaji: Amina. Na Yohana je?

Mama Neema: Baada ya Marko. Nenda sura ya 13 hadi 17, usiku wake wa mwisho na wanafunzi. Polepole, mwanangu.