DVD halali ya dukani, naweza kuwaonyesha watoto maktabani?

MkutubiPwani: Hamjambo wakuu. Nafanya kazi katika maktaba moja hapa Mombasa. Jumamosi nataka kuwawekea watoto katuni: projekta ipo, mikeka ipo, kiingilio hakuna. DVD ni halali, risiti ninayo. Bosi wangu ashikilia eti lazima tuombe ruhusa. Kweli, hata kama onyesho ni bure?

WakiliWaJioni: Bosi yuko sawa, dada. Ulichonunua ni nakala ya kutazama nyumbani. Kuonyesha hadharani ni haki ya mwenye filamu chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kutotoza pesa hakuiondoi. Mwandikie mtayarishaji au msambazaji. Taja filamu, tarehe, ukumbi na idadi ya watoto. Leseni ya KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, ni jambo jingine: wao huangalia filamu yafaa umri gani, hawakupi hakimiliki. Watu huchanganya hayo mawili kila siku, hata maofisini.

AbuSalma: Na usikimbilie Netflix, akaunti ni ya matumizi binafsi. Ila baadhi ya filamu zao wenyewe za makala (documentary) zina ruhusa ya onyesho la kielimu, bila kutoza wala kuchangisha.

MkutubiPwani: Shukran. Na za zamani?

WakiliWaJioni: Kenya filamu hulindwa miaka 50. Lakini muziki uliomo hulindwa kivyake, maisha ya mtunzi na miaka 50 zaidi. Mimi ningeanza na watayarishaji wa Nairobi. Wengi hufurahi kuombwa, maana hawaombwi.