Kina John tukutane hapa, jina limekuponza au limekubeba?

Wakuu habari za jioni. Naitwa John na leo nimechoka. Kwenye simu nina kina John saba, kuna John Fundi, John Kuku, John Bajaji, John Kwaya, basi jana hela ya gata elfu themanini nikairusha kwa John Kuku badala ya John Fundi, kumpigia ananiambia wajina nimeshanunulia chakula cha vifaranga, ngoja nikuletee majogoo. Yaani muda huu naandika, jikoni kuna majogoo wanne wamefungwa miguu na mvua inamwagika ukutani.

Haya tupeane uzoefu, na useme wewe ni John wa nani. Mi wa Akhwari, yule mkimbiaji wa Tanzania. Mzee wangu mtu wa Mbulu, ile marathoni ya Mexico 1968 aliihadithia kila sikukuu, jamaa kaanguka, goti limeumia, kafungwa bandeji, anachechemea mpaka uwanjani giza limeingia, katumia saa tatu na dakika 25, Mamo Wolde wa Ethiopia alishamaliza zaidi ya saa nzima huko. Ndo maana nikishika mkia darasani mzee hachapi, anauliza tu, "mtihani ulimaliza?"

—

Mi wa Malecela, Dodoma hiyo, nimezaliwa 1991 yeye akiwa waziri mkuu. Shuleni wakaniita Tingatinga kama yeye. Nikahamia Mwanza nikajua imeisha, 2015 anaingia Magufuli, naitwa Tingatinga upya na wanaoniita wanadhani wameanzisha wao. Na hata pawatila sijawahi kuendesha.

—

John Bocco yule mshambuliaji mmemsahau? Alipokuwa Azam mtaa mzima uliniita Adebayor, na nilikuwa beki.

—

Huku Kenya mimi ni wa John Ngugi, nilizaliwa mwaka mmoja baada ya yeye kubeba dhahabu ya mita 5000 kule Seoul 1988, na mbio za nyika za dunia alichukua mara tano. Sasa mimi niko kilo 104 tangu nikiwa kijana mwili ni huu huu, lakini mwalimu wa michezo akisoma rejista lazima aninyanyue, "wewe John, toka mbele", nakimbia raundi moja darasa lote linalia kwa kicheko. Halafu mnaosema John ni jina la kawaida, Kenyatta alipobatizwa 1914 alitaka John Peter, wamishonari wakamwambia chagua moja, akaona Petro si ni jiwe, akayaunganisha akawa Johnstone. Huyo mzee alikuwa mjanja kitambo sana.

—

Mi sio John ila mume wangu John, baba mkwe John, na mtoto wa kwanza wakasema lazima arithi la babu. Nikiita "John chai" wanatokea watatu, nikiita "John taka" nyumba kimya kama msibani.

—

Zahanati moja waliita jina langu na la baba, tukasimama wawili, mwenzangu akawahi. Mi kuingia chumba cha pili naulizwa jino lenyewe ni lipi. Nilienda kupima presha jamani, na ilipanda hapo hapo.

—

Mleta mada hapa, apdeti. John Fundi kapita, kaona majogoo, kachagua wawili wakubwa kama advansi. Gata Jumamosi.