Vice City yajifunga kabla haijafunguka, nisaidieni jamani

mwana_langoni
Assalam alaikum wote. Naomba msaada kwa mwenye kuzijua hizi gemu za zamani. Hapa kwetu Langoni, Lamu, tuna deskitopu moja ya siku nyingi, Windows 7, ram gb 2, na ndani mna GTA Vice City ile ya kompyuta ya mwaka 2003. Tumeicheza miaka na miaka haijatusumbua hata siku moja. Sasa tangu juma lililopita nkibonyeza ikoni mara mbili skrini yawa nyeusi kama sekunde mbili hivi, feni naisikia yapanda, kisha narudishwa deskitopu kama kwamba sijabonyeza kitu. Mara moja tu ndo iliniletea kile kidirisha cha kusema gta-vc.exe imeacha kufanya kazi.

Nimerestati, nimeiendesha kama administrator, nimeiwekea compatibility ya XP, wapi. Nimeifuta nikaiinstoli upya mara TATU kwa zile sidii zake mbili, kila mara nakaa nangoja mpaka mwisho na kila mara mambo ni yale yale. Mambo mengine yote ya hii kompyuta ni sawa, Word yafunguka, filamu zacheza, karata zacheza, ni hii gemu tu.

Haraka yangu ni kuwa ndugu yangu mdogo yuko Mombasa kikazi, yuaja Idi, na seivu yake (pale alipofikia kwenye gemu) imo humu ndani, keshanunua mpaka Malibu Club, ile klabu ya mle ndani ya gemu. Kila akija ndo hukaa hapo baada ya isha tukacheza kwa zamu mpaka mama atufukuze tukalale. Sitaki afike nimwambie imekufa.

kizingitini01
Waalaikum salaam. Hiyo ni rahisi braza, ingia Documents utaona folda yaitwa GTA Vice City User Files, futa folda nzima, gemu ikiamka itatengeneza nyengine yenyewe. Mimi ndo dawa yangu kila siku.

binti_wa_shella
SUBIRI usifute folda nzima!! Humo humo ndo mna seivu za ndugu yako. Zimeandikwa GTAVCsf1.b, GTAVCsf2.b hivyo hivyo mpaka 8, ukifuta folda umefuta kila kitu na akija Idi ataanza na misheni ya kwanza kabisa. Kabla hujagusa chochote tia fleshi uikopi hiyo folda yote, kisha ndo tuongee. Mimi nlipoteza za kaka yangu kwa ushauri kama huu na mpaka leo hunikumbusha.

kizingitini01
Ni kweli dada, samahani, mimi sikuwa na seivu za kuhifadhi ndo mana sikufikiria hilo. Akopi kwanza.

fundi_barani
Niko Malindi, natengeneza kompyuta kila siku, na zinazoletwa na shida hii si chache. Kabla ya kufuta chochote nataka vitu viwili. Cha kwanza, bonyeza Start, andika eventvwr, piga Enter, ingia Windows Logs kisha Application, tafuta alama nyekundu ya ile saa gemu ilipojifunga, unambie pale kwenye faulting module (faili lililoanguka) pameandikwa jina gani na ile namba ya exception (namba ya kosa) ni ngapi. Cha pili, ambacho ndicho kikubwa, nambie ni kitu gani kimebadilika kwenye hiyo mashine juma lililopita. Gemu iliyocheza miaka haiamki asubuhi ikakataa bure bure. Hata kama ni kitu waona hakihusiki, kiseme. Umeme umekatika? Umeongeza programu? Umehamisha mashine? Watu huwa hawasemi hili ndo kazi inakuwa ndefu.

mpwani_wa_kale
Mimi nna wasiwasi na ile sidii. Gemu nyingi za miaka ile zilitiwa ulinzi wa SafeDisc wa kuzuia sidii isinakiliwe, na ule ulinzi wategemea draiva moja (kiprogramu kidogo cha ndani ya Windows) yaitwa secdrv.sys. Windows 10 haikuja nayo kabisa, na mwaka 2015 mwezi wa 9 Microsoft wakatoa apdeti ya kuizima hata kwenye Windows 7. Watu wengi siku ile waliamka wakaona sidii zao halali hazifunguki tena. Hebu angalia kama mashine ilipata apdeti juzi. Na usiende kuchukua exe za kukraki (faili za gemu zilizovunjwa ulinzi) kwenye saiti usizozijua, nimeona laptopu za watu zikifungwa mafaili yote kwa jambo kama hilo.

mwana_langoni
Shukran sana nyote. Dada wa Shella Mungu akuzidishie, nimekopi folda kwenye fleshi mbili, na nimeziona seivu zimo, sf1, sf2 na sf5. Moyo umetulia.

Intaneti haijawahi kuingia kwenye hii mashine kwa hivyo apdeti hakuna. Faulting module yasema gta-vc.exe yenyewe, exception 0xc0000005.

Kuhusu kubadilika, wallahi sijaongeza programu yoyote. Kitu kimoja tu, ile skrini ya kisogo (ya zamani yenye mgongo mkubwa) ilikufa, umeme ulirudi kwa nguvu usiku mmoja ikatoa harufu na haikuwaka tena. Nikaagiza flati ya mkono wa pili kutoka huko huko Malindi, ikaja kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti nimeipakata mapajani isipate maji. Inchi 19, ile pana. Lakini skrini si ni kioo tu? Picha yaonesha safi kabisa.

fundi_barani
Hapo ndipo penyewe!

Kwanza ile namba. 0xc0000005 maana yake programu imegusa sehemu ya memori isiyokuwa yake, Windows ikaiua. Peke yake haikuambii sababu, lakini jina la module ni la gemu yenyewe wala si la draiva ya picha, kwa hivyo draiva nimeiweka kando kwa sasa.

Sasa nambie, kwenye ile ya kisogo mlikuwa mmeiseti rezolusheni (nukta za picha, upana kwa kimo) ngapi ndani ya gemu? Kama ni 1280x1024 basi jibu tunalo. Flati pana za inchi 19 nyingi ni 1440x900, yaani kwenda chini zina mistari 900 tu, ile 1024 haiingii. Kompyuta ikiulizana na skrini mpya yaambiwa mimi mwisho wangu 900, inaiondoa 1280x1024 kwenye orodha yake. Lakini gemu haijui habari hiyo. Gemu imeandika chaguo lenu la zamani kwenye kifaili kidogo kinaitwa gta_vc.set, ikiamka tu jambo la kwanza ni kukisoma na kuitaka picha ile ile ya zamani, haipo, inaanguka hapo hapo kabla hujaona hata nembo.

Na ndo mana kuinstoli mara tatu hakukusaidia. Ukiiondoa gemu unaondoa kilichoko Program Files, lakini hicho kifaili kinakaa Documents pamoja na seivu, hakiguswi. Gemu mpya yaja ikakikuta kile kile.

Kwa hivyo ingia ile folda, tafuta gta_vc.set PEKE YAKE, usikifute, kibadilishe jina tu kiwe gta_vc.zamani. Kisha fungua gemu.

ngalawa77
Na ram je? Huku kwetu pwani chumvi yala vyuma, mimi yangu ilikuwa yajizima, nikachomoa ram nikasugua zile meno za dhahabu kwa raba ya penseli taratibu, ikapona.

fundi_barani
Ushauri mzuri huo na kila mwenye mashine karibu na bahari afanye mara moja moja, akiwa ametoa umeme. Lakini ram mbovu hukamata popote, leo Word kesho filamu. Hii yake yaanguka sekunde ile ile kila mara na ni gemu moja tu.

mwana_langoni
JAMANI IMEFUNGUKA

Nimebadilisha jina kama ulivosema, nikabonyeza, ikawa nyeusi kama kawaida, nikasema ndo yale yale, mara nikasikia muziki!! Picha ilikuja kubwa kubwa imekwaruza, nikaingia kwenye display nikaona iko 640x480, nikaitia 1024x768, watu wamenenepa kidogo kwa sababu skrini ni pana lakini yaenda vizuri. Na ndio, mlisema kweli, tulikuwa tumeiweka 1280x1024, nimemuuliza ndugu yangu kwa simu akasema ni yeye aliyeseti mwaka juzi. Load game, seivu zote tatu ziko. Nimemtumia picha ya skrini akiwa kazini, akanipigia hapo hapo.

fundi_barani
Alhamdulillahi. Moja tu nakuomba, kwa vile ule mpangilio umeanza upya, hakikisha Frame Limiter (kizuizi cha mwendo wa picha) iko on kwenye display. Hii gemu imetengenezwa kwa mwendo wa fremu 30 kwa sekunde, ukiizima magari yaanza vituko na kuna misheni zitawasumbua bure. Na ile fleshi yenye seivu isirudi kwenye droo pamoja na fleshi za nyimbo, iandike jina.

binti_wa_shella
Na umwambie ndugu yako baada ya kila misheni aikopi tena. Idi njema mbele ya safari.

mwana_langoni
Nimeiandika kwa kalamu nyekundu, USIFUTE. Sasa natafuta ile stebilaiza ya umeme kabla usiku mwengine haujaja, kama kuna mwenye kujua duka hapa mjini anambie.