Jezi, kitenge na msalaba: gumzo la ukoo

Mama Nasra: Assalamu alaykum jamaa. Mjomba, shikamoo. Nina swali la kibandani.

Mjomba Ustadh: Waalaykumu salaam warahmatullah. Marahaba mwanangu, uliza.

Mama Nasra: Leo hapa sokoni Mgandini nimefungua balo la nguo za watoto. Jezi zimejaa, za Barcelona na za Milan, na nembo zote mbili zina msalaba. Imo na fulana ina msalaba kifua kizima, chini imeandikwa maneno ya kanisa. Wateja wangu wengi Waislamu. Niuze au niache?

Baba Rahma: Jezi hizo watu wanaingia nazo mpaka msikitini.

Shangazi: Kuvaliwa na watu si dalili, mdogo wangu.

Mjomba Ustadh: Bukhari amepokea kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume ﷺ hakuwa akiacha nyumbani mwake kitu chenye misalaba ila huitengua. Na lile pazia lake Bi Aisha lenye picha, Mtume alipolichukia, lilikatwa likawa mito ya kuegemea. Kinachoondolewa ni alama, mali haitupwi. Jezi fumua nembo au shonea kiraka, kisha uza. Ile fulana usiiuze kama ilivyo.

Mama Nasra: Aliyekwisha kuswali na jezi hiyo?

Mjomba Ustadh: Swala yake imesihi, ila ni karaha. Mtume aliswali na shuka yenye nakshi, ikamshughulisha, akairudisha kwa Abu Jahm aliyempa. Nakshi tu, sembuse msalaba.

Binamu Muscat: Huku mwaka 2017 ilitangazwa kuwa nguo za Real Madrid za kuuzwa nchi za Ghuba hazitakuwa na ule msalaba mdogo juu ya taji.

Baba Rahma: Hapo nimeelewa. Ya mwanangu naifumua leo.

Nasra: Shikamoo babu. Kuna mwenzetu shuleni anakataa kuandika alama ya kujumlisha, anaichora bila mguu wa chini. Ni sawa?

Mjomba Ustadh: Marahaba mjukuu wangu. Hapana, huko ni kujitia uzito ambao dini haikuuleta. Wanavyuoni wameeleza kuwa si kila mistari miwili iliyokatana ni msalaba. Fremu ya dirisha, kujumlisha, miraba ya shuka, hayo hayamo. Swali ni moja: mtu akikiona, atasema huu ni msalaba wa ibada?

Nasra: Na Msalaba Mwekundu?

Mjomba Ustadh: Ile ni alama ya huduma. Ilikubaliwa Geneva mwaka 1864, ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Waturuki wa Kiothmani mwaka 1876, vitani, wakachagua mwezi mwekundu kwa ajili ya askari wao. Lakini mgonjwa akiletewa damu na gari lenye msalaba mwekundu, apokee na amshukuru Mola wake.
Hata masahaba walinunua na kuuza kwa dinari za Warumi zenye misalaba, kwa sababu ndizo pesa zilizokuwapo. Baadaye zikapigwa zinazofanana nazo, kile kijiti cha kulala kinachofanya msalaba kimeondolewa, ukabaki mlingoti tu juu ya ngazi. Kisha khalifa Abdulmalik bin Marwan akapiga dinari za maandishi matupu, mwaka wa 77 Hijria. Palipo na haja watu walitumia, na walipopata uwezo wakabadilisha.

Bibi: Na mimi nina langu. Mwalimu wa mlango wa pili kaniletea kitenge cha jubilei ya parokia yao. Kina Bikira Maria na msalaba. Nimekipokea kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyekesha nami hospitali.

Shangazi: Mama, mrudishie mapema.

Mjomba Ustadh: Usirudishe dada. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake akiwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume kama amuunge, akaambiwa muunge mama yako. Na Umar alipewa na Mtume joho la hariri, akaambiwa hukupewa ulivae, akampa nduguye mshirikina aliyekuwa Makka. Zawadi hupokewa hata kama haivaliki.

Bibi: Basi nikifanye tambara la jikoni?

Mjomba Ustadh: Hapana! Jina la Maryamu limo humo, na sisi tuna sura nzima yenye jina lake. Tena mwenyewe akija akalikuta linafuta sufuria, utamvunja moyo. Kata pale penye msalaba na picha, kilichobaki shona foronya.

Bibi: Na akiniuliza mbona sikivai?

Mjomba Ustadh: Mwambie kweli, kwa upole, kwamba dini yako haikuruhusu kuvaa msalaba. Huyo kila Idi anakula kwako, hajawahi kukuletea kitu cha haramu. Mipaka yako anaijua.

Bibi: Nitamwambia mwenyewe, asije akasikia kwa watoto. Nitamwonyesha na foronya zenyewe. Macho yangu lakini hayaoni vizuri, nani atanikatia?

Shangazi: Nakuja mimi mama, Ijumaa baada ya swala. Mama Nasra, zile jezi nipitishie, cherehani yangu nzima.

Mama Nasra: Nakuletea leo jioni, shangazi. Wembe ninao.